Bei ya Ubalozi Mmoja: Paraguay Kati ya Taipei na Beijing

Mapema Desemba 2024, mji mkuu wa Paraguay, Asunción, ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi wa utamaduni usioshikika. China ni mwanachama wa UNESCO, kwa hiyo Paraguay, yenye uhusiano rasmi na Taiwan na si na China, haikuwa na namna ila kumpa viza mwanadiplomasia wake, Xu Wei. Mgeni hakubaki ukumbini. Alikwenda bungeni, akawaambia wabunge na waandishi wa habari kwamba Paraguay ichague mmoja, China au Taiwan, maana Beijing haibadilishani mabalozi na nchi inayoitambua Taiwan. Wizara ya Mambo ya Nje ikamfutia viza na kumpa saa 24 awe amevuka mpaka.

Magazeti mengi yalikichukulia kisa hicho kama utovu wa adabu wa afisa mmoja. Kina maana zaidi ya hapo. Taifa la watu bilioni 1.4 halimtumi mtu wake kuzunguka korido za bunge la nchi ya watu milioni 6 kutafuta kitu kisicho na thamani. Paraguay ina bidhaa adimu kuliko ng'ombe na soya yake, nayo ni utambuzi wa kidiplomasia. Shida ni kwamba kwa karibu miaka 70 Asunción imekuwa ikiiuza bidhaa hiyo bila mizani.

Uadimu wenyewe unahesabika kwa vidole. Tangu Nauru ilipohamia Beijing Januari 2024, nchi zenye uhusiano rasmi na Taiwan zimebaki 12, Vatikani ikiwemo. Afrika nzima imebaki Eswatini peke yake. Amerika Kusini nzima imebaki Paraguay, ambayo kwa eneo la ardhi ndiyo kubwa kuliko zote 12.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaikumbuka siku ya 25 Oktoba 1971 kutoka upande wa pili wa ukumbi. Siku hiyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2758, lililoipa Beijing kiti cha China, kwa kura 76 dhidi ya 35, huku 17 zikijizuia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na Salim Ahmed Salim, balozi wake aliyekuwa na umri wa miaka 29, alishangilia kwa namna ambayo Marekani haikuisahau. Miaka kumi baadaye ilimzuia kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu. Katika zile 35 zilizopinga, Paraguay imo. Chile, Peru na Ecuador zilikuwa upande wa Tanzania. Majirani wengine walifuata mmoja mmoja: Argentina 1972, Brazil na Venezuela 1974, Colombia 1980, Bolivia 1985, Uruguay 1988. Paraguay ilibaki pale ilipojifunga Julai 1957.

Aliyeifunga ni Jenerali Alfredo Stroessner, aliyetawala kuanzia 1954 hadi alipopinduliwa 1989. Kwake yeye na Chiang Kai-shek, mtawala wa Taiwan, chuki dhidi ya ukomunisti ilitosha kuwa mkataba. Asunción bado ina barabara yenye jina la Chiang, na jengo la bunge lililofunguliwa 2003 lilijengwa kwa fedha za Taiwan. Ndiyo kusema, siku ile Xu Wei alikuwa akiwashawishi wabunge waiache Taiwan akiwa ndani ya zawadi ya Taiwan.

Lakini Stroessner aliondoka, Vita Baridi vikaisha, na fundo halikufunguka. Fernando Lugo, aliyeshinda 2008 na kuvunja miongo sita ya utawala wa chama cha Colorado, aliingia madarakani akisema ataitazama Beijing, akatoka 2012 bila kubadili kitu. Aprili 2020, katikati ya korona, maseneta wa mrengo wa kushoto walipeleka hoja ya kuhamia China, ikaangushwa kwa kura 25 dhidi ya 16. Mwaka 2023 mgombea wa upinzani, Efraín Alegre, aliahidi kuupima upya uhusiano huo, akapata asilimia 27 hivi, huku Santiago Peña wa Colorado akishinda kwa karibu asilimia 43. Kuieleza historia hii yote kwa itikadi peke yake ni uvivu. Kuna hesabu inayofanyika, ila inafanyika vibaya.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Karibu theluthi ya bidhaa zote ambazo Paraguay inaagiza nje zinatoka China bara, na hakuna nchi inayoiuzia zaidi. Kwa upande wa mauzo, China haichukui hata asilimia moja ya kile Paraguay inachouza nje. Inakuwaje nchi mbili zisizo na mabalozi zifanye biashara kubwa kiasi hicho kwa njia moja tu?

Jibu liko kwenye karatasi. Kontena la simu, matairi au vitu vya kuchezea watoto kutoka Shenzhen linahitaji ankara, hati ya shehena na mnunuzi mwenye dola. Serikali mbili hazihitaji kuzungumza. Mfanyabiashara anayetaka kwenda Guangzhou huomba viza kwenye ubalozi mdogo wa China katika nchi jirani, basi. Ndiyo maana Ciudad del Este, mji wa mpakani ambao zamani uliitwa Puerto Presidente Stroessner, umejaa maduka ya elektroniki za Kichina, na Wabrazili wanavuka Daraja la Urafiki kila siku kununua. Beijing haina haja ya kuizuia biashara hiyo kwa kuwa inaifaidi.

Nyama ni habari nyingine. Nyama haivuki mpaka kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Lazima daktari wa mifugo wa serikali moja atoe dhamana kwa maandishi kwa daktari wa serikali nyingine, na hapo ndipo mlango ulipo.

Mnyororo wenyewe huenda hivi. Mamlaka ya mifugo ya nchi inayouza, kwa Paraguay ni SENACSA, inaandika maombi rasmi kwa Idara Kuu ya Forodha ya China. Inarudishiwa dodoso refu kuhusu magonjwa, maabara, chanjo na namna ng'ombe anavyofuatiliwa kutoka shambani hadi machinjioni. Wakaguzi wa China wanakuja kuona. Tathmini ya hatari inaandikwa, itifaki inasainiwa, maneno ya cheti cha afya yanakubaliwa neno kwa neno, kisha kila chinjio linasajiliwa kwa jina lake. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayowachosha watu. Brazil, mshirika mkubwa wa China, huidhinishiwa machinjio yake kwa mafungu. Machi 2024 vituo 38 vya nyama, machinjio na maghala pamoja, vilipita kwa mpigo baada ya vingine kukaa foleni miaka. Kwa nchi isiyo na ubalozi Beijing, hata barua ya kwanza haina pa kupokelewa.

Wafugaji wa Paraguay, chini ya chama chao cha ARP, wana hoja ya haki hapa, na wanaoipuuza hawajui chinjio linavyopata faida. Ng'ombe hauzwi mzima. Kila kipande kinatafutiwa soko linalokilipa vizuri zaidi. Chile huchukua mapaja na sehemu za nyuma zikiwa zimepozwa bila kugandishwa. Israel huchukua robo za mbele, kwa sababu ndizo zinazokubalika kwa urahisi katika uchinjaji wa kosher. Taiwan hununua nyama isiyo na mafuta mengi, iliyogandishwa. China ingenunua kidari, muundi na vipande vya mbele ambavyo leo vina wanunuzi wachache, na kwa kuongeza mnunuzi mmoja mkubwa wa robo ya mbele, bei ya ng'ombe mzima ingepanda hata kama sarara haikwenda Shanghai. Mfugaji wa Chaco, magharibi mwa Paraguay, anapomtazama mwenzake wa Uruguay anayeuza China, anaona kile anachokikosa.

Umuhimu wa mnunuzi wa akiba Paraguay iliujua Septemba 2011, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka katika jimbo la San Pedro na masoko kufungwa, Chile ikiwemo. Iliujua tena 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga malipo na usafirishaji kwenda Urusi, soko lililokuwa miongoni mwa makubwa yake.

Hadi hapo hoja ya kuhama inasimama. Inapoanza kuyumba ni pale inapochukulia kwamba kubadili bendera ni sawa na kufungua soko. Brazil ina itifaki na China, na itifaki hiyohiyo ndiyo iliyoilazimisha kusimamisha mauzo yenyewe kila inapogundua ng'ombe mwenye dalili za kichaa cha ng'ombe, hata ikiwa ni ile aina inayojitokeza yenyewe kwa ng'ombe mzee. Septemba 2021 ng'ombe wawili walifunga soko kwa zaidi ya miezi mitatu. Februari 2023 ng'ombe mmoja alilifunga kwa mwezi. Brazil ni kubwa, iliweza kuvumilia. Paraguay ikishazoea kuuza nusu ya robo zake za mbele mahali pamoja, mwezi kama huo utafunga machinjio.

Kisha kuna hili la karibuni. Kuanzia 1 Januari 2026 China imeweka mgawo wa nyama ya ng'ombe kwa nchi zinazoiuzia, na shehena inayozidi mgawo inatozwa ushuru wa ziada wa asilimia 55. Migawo ya namna hii hupangwa kwa kuangalia nani aliuza kiasi gani miaka iliyopita. Mgeni anayeingia leo hana historia ya kuonyesha. Waliokuwa wakiwaahidi wafugaji soko lisilo na mwisho itabidi waandike hotuba upya.

Na kuna Honduras. Ilivunja uhusiano na Taiwan Machi 2023, na Taiwan nayo ikausitisha mkataba wa biashara huria uliokuwa ukiwapa wafugaji wa kamba wa Honduras njia bila ushuru. Wafugaji hao walikuwa wakiitegemea Taiwan kama mmoja wa wanunuzi wao wakuu. China ilifungua mlango wake, lakini kwa kiasi na bei ambazo hazikuziba pengo, maana Ecuador, muuzaji wa nje wa kamba mkubwa kuliko wote, ilikuwa imeshajaa sokoni. Kosa la Honduras lilikuwa la mpangilio. Ilitoa kwanza, ikajadiliana baadaye. Utambuzi ukishatolewa hauna bei tena, kwa kuwa hakuna nchi inayolipwa mara mbili kwa kuhama mara moja.

Kuhusu soya, ambayo ndiyo zao kubwa, mambo ni mafupi zaidi kuliko wanasiasa wanavyoyafanya. Mwaka mzuri Paraguay huvuna tani milioni 10 hivi. Ukame wa 2021/22 uliishusha chini ya nusu. Sehemu kubwa ya punje zinazouzwa nje hushuka kwa matishari kwenye mito ya Paraguay na Paraná hadi viwanda vya Argentina karibu na Rosario, ambavyo huzipenda kwa protini yake nyingi inayoboresha mashudu. Pale soya ya Paraguay hupoteza jina. Hugeuka mashudu ya Argentina, na mengi ya hayo huishia kulisha kuku na nguruwe wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa maneno mengine, Asia inaila soya ya Paraguay tayari, ubalozi au pasipo ubalozi. Kinachomwumiza mkulima ni mto: kina kikipungua, kama kilivyofikia rekodi ya chini pale Asunción Septemba 2024, tishari la tani 1,500 linapakia pungufu na nauli kwa kila tani inapanda. Ongeza tozo ya dola 1.47 kwa kila tani ya usajili wa chombo ambayo Argentina ilianza kuitoza 2023. Hakuna balozi wa Beijing atakayeongeza maji mtoni.

Sasa tugeukie upande wa Taiwan, maana wanaoitetea nao wana maswali ya kujibu. Makubaliano ya ushirikiano wa kiuchumi yaliyosainiwa 2017 na kuanza kazi 2018 yaliondoa au kupunguza ushuru kwa bidhaa kadhaa za Paraguay. Taiwan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakuu wa nyama ya ng'ombe, na baadaye ikafungulia nguruwe. Kuna chuo kikuu cha ufundi cha Taiwan na Paraguay, kinachofundisha uhandisi kwa ushirikiano na chuo cha Taipei. Hivi vyote ni vya kweli. Ila ukiviangalia kwa jumla, vingi ni zawadi: jengo, ufadhili wa masomo, nyumba, vifaa vya hospitali. Zawadi hutolewa kwa serikali iliyoko, hupigiwa picha, na serikali inayofuata huanza kuomba upya.

Septemba 2022 Rais Mario Abdo Benítez aliliambia gazeti la Financial Times kwamba Taiwan ina mabilioni ya dola iliyowekeza katika nchi zisizoitambua, na kwamba Paraguay ingependa bilioni moja kati ya hizo. Kama malalamiko, alikuwa na haki. Kama mbinu ya majadiliano, ilikuwa sawa na mchuuzi kutangaza bei yake ya mwisho sokoni huku mnunuzi wa pili akisikiliza. Taiwan ikasema haifanyi diplomasia ya dola, wapinzani wakapata kisu, na uwekezaji wenyewe haukutokea kwa kiwango hicho.

Kuna kadi ambayo Asunción karibu haiichezi kabisa, nayo ni Mercosur, jumuiya ya biashara inayoiunganisha na Brazil, Argentina na Uruguay. Jumuiya hiyo inataka wanachama wajadili mikataba ya ushuru na nchi za nje kwa pamoja. Wakati mmoja wao anaitambua Taiwan, mkataba wa Mercosur na China unakwama kabla ya kuanza. Uruguay, chini ya Rais Luis Lacalle Pou, ilijaribu kutoka peke yake kuanzia 2021. Utafiti wa pamoja na China ulikamilika Julai 2022, majirani wakapiga kelele, na mkataba haujapatikana. Wenye viwanda wa São Paulo na Buenos Aires wanaohofia viatu, vyuma na mashine za Kichina wana kila sababu ya kuipenda bendera ya Taiwan iliyoko Asunción. Ukaidi wa Paraguay unawalinda, na hawailipi hata senti. Nchi yenye mto unaopita kwa jirani, tozo ya jirani na umeme wa bwawa la Itaipú unaogawanwa na jirani ina mengi ya kudai hapo.

Asia yenyewe, tena, ni zaidi ya miji miwili. Wajapani wa kwanza walifika La Colmena mwaka 1936, na vizazi vyao ni miongoni mwa walioifanya soya na kilimo cha kupanda bila kutifua udongo vizoeleke nchini humo. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011 walituma tani 100 za soya Japani zikatengenezwa tofu milioni moja kwa ajili ya waathirika. Hata hivyo Japani ni ngumu kuifungulia nyama mbichi ya nchi inayochanja ng'ombe dhidi ya miguu na midomo, na hapo urafiki hauna msaada. Mercosur na Singapore zilisaini mkataba wa biashara huria Desemba 2023. Wakati wa korona, wizara ya mambo ya nje ya Paraguay ilisema madalali walikuwa wakiitembeza ofa ya chanjo za Kichina kwa sharti la kuiacha Taiwan, Beijing ikakana. Chanjo za Covaxin zikaja kutoka India, dozi 100,000 mwishoni mwa Machi 2021, na waziri wa mambo ya nje wa Taiwan, Joseph Wu, akasema nchi yake ilisaidia mazungumzo hayo. Huo ndio mfano mzuri wa namna ya kumtumia rafiki: kilichohitajika kilikuwa mahususi, na muda ulijulikana.

Mfano mbaya nao upo, wa Israel. Mei 2018 Rais Horacio Cartes, akiwa amebakiza chini ya miezi mitatu madarakani, alihamishia ubalozi Yerusalemu. Septemba mrithi wake wa chama hichohicho, Abdo, akaurudisha Tel Aviv. Siku hiyohiyo Israel ikatangaza kufunga ubalozi wake Asunción. Desemba 2024 Peña akaufungua tena Yerusalemu. Ubalozi mmoja, safari tatu, miaka sita. Anayefikiri suala la China linaweza kuamuliwa kwa saini ya rais anayeondoka na aangalie hapo kwanza.

Msimamo wa makala hii ni kwamba Paraguay ibaki ilipo, lakini iache kupokea majengo. Iombe vitu vinavyoandikwa kwa tani na kwa miaka: mikataba ya muda mrefu ya ununuzi wa ng'ombe na nguruwe isiyotegemea ziara za marais, na viwanda. Mfumo wa maquila ulioanzishwa kwa sheria ya 1997 unamtoza mwenye kiwanda cha kuuza nje asilimia moja tu ya thamani iliyoongezwa nchini. Umeme wa Itaipú ni wa bei nafuu. Bidhaa inayotimiza kanuni za Mercosur kuhusu mahali ilipotengenezwa inaingia Brazil bila ushuru. Kampuni ya Taiwan inayotengeneza vipuri vya magari au vya mabasi ya umeme inapata soko la watu zaidi ya milioni 200 ng'ambo ya daraja, na kiwanda hakifungwi kirahisi siku ubalozi unapofungwa. Serikali ya Taipei inaweza kudhamini mikopo ya kampuni hizo. Hilo ndilo ombi ambalo Abdo angelipeleka faraghani 2022.

Peña hawezi kugombea tena, katiba hairuhusu. Uchaguzi ni 2028, na kabla ya hapo wafugaji watauliza swali lao lilelile kuhusu robo za mbele. Atakayewajibu kwa picha ya chuo kikuu na hotuba kuhusu uhuru atakuwa anawapa kura wale maseneta 16 wa 2020.